Pumba za Gaju

Ilifika wakati Olga akawa hawachukii tena panya. Chuki inataka nguvu, na zake zilikuwa zimekwisha kugawanywa: muhogo, mpunga, kuni, maji, na ile kamati ya akina mama kanisani iliyomchagua kila mwaka kwa sababu moja tu, kwamba hajui kusema hapana. Alipoingia ghalani asubuhi akakuta gunia jingine limetobolewa, mpunga umemwagika na kuchanganyika na mavi meusi, hakupiga kelele. Alikalia kinu kilichopinduliwa, akazitazama punje zile, akajiona mzee.

Na si kwamba hakujitahidi. Ghala hilo, alilojenga marehemu mumewe, lilisimama juu ya nguzo, na kila nguzo ilivishwa bati la kopo la mafuta ili panya akipanda ateleze. Panya wakapitia kwenye paa. Alikata matawi ya mpera yaliyogusa paa, wakatokea ukutani. Aliziba matundu kwa udongo na vipande vya chupa, wakatoboa pembeni. Alichoma pilipili humo ndani, na aliyekohoa ni yeye. Mtego wa chuma ulinasa mguu wa kuku wake mwenyewe. Mdogo wake Noella, aliyeolewa Sange, alimwazima paka mkubwa mwenye sifa nyingi. Paka yule alikaa kwa Olga kama mlokole, hakumwaga damu ya kiumbe chochote. Alikula ndagala za jikoni, wale dagaa wa ziwani, akanenepa, kisha akaonekana tena Sange, na hakuna aliyejua alipanda gari gani.

Angeyavumilia yote kama kilichokuwa ndani ya magunia kingekuwa chakula. Chakula kikiisha mtu anakopa kwa jirani, anakula muhogo, maisha yanaendelea. Lakini ile ilikuwa mbegu. Aliichagua mwenyewe wakati wa mavuno, akaianika, akaipepeta, akaiweka ingoje mvua. Mbegu ikiisha, mashamba ya kijiji cha Luberizi yatapandwa yote isipokuwa lake, na yeye, kwa mgongo huu unaolalamika hata akiinama kufunga kiatu, ataanza kwenda kulimia wengine.

Ukuta mmoja wa ghala ulikuwa pia ukuta wa zizi, na zizini aliishi Gaju, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu na macho ya kudharau. Gaju hakuwa wa Olga. Alikuwa wa mzee Ndahiro, mtu wa milima ya juu, aliyekuwa na kundi zima huko kwao kabla vijiji havijachomwa. Luberizi, huku bondeni, alifika na ng'ombe mmoja, fimbo, na Biblia iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Olga alimpa kibanda cha nyuma ya ua, na mwanawe Bruno, kabla hajaenda Uvira kujifunza umakanika, alisaidia kujenga zizi. Kuna majirani waliomuuliza Olga kama amekosa watu wa kwao wa kusaidia. Kuna jamaa za Ndahiro waliomuuliza anapataje usingizi ndani ya ua wa watu wale. Mwanzoni wote wawili walijibu. Baadaye walichoka kujibu, na watu nao wakachoka kuuliza.

Kila asubuhi Olga alimwekea Gaju pumba za mpunga ndani ya beseni, kwenye mlango wa ghala, zikiwa na chumvi kidogo. Hakuna aliyemwomba. Alianza tu, na Ndahiro naye akaanza tu kubeba mbolea na kuitandaza kwenye muhogo wa Olga. "Siku nikisahau, ingia ujipatie," Olga alimwambia Ndahiro tangu mwanzo, akionyesha ghala. "Depo haina kufuli." Ndahiro alikuwa ameingia mara chache, kila mara akibisha hodi kwanza kwenye ghala lisilo na mtu.

Sasa Gaju alikuwa na mimba kubwa. Tumbo lilishuka, kiwele kikaanza kujaa, na Ndahiro akaanza kutembea kwa namna nyingine, kichwa juu kidogo. Ndama akizaliwa jike, ni mwanzo wa kundi. Hakulisema hilo kwa mdomo, ila Olga alimwona akikata nyasi nyororo za mferejini na kuzichambua, akitupa zile ngumu.

Asubuhi moja Ndahiro alimwita Olga zizini.

"Mama Bruno, angalia hapa. Bapanya banamulumaka chuchu wakati analala."

Olga aliinama, mgongo ukalia. Kwenye chuchu mbili kulikuwa na vidonda vidogo, vibichi.

"Atazaa," Ndahiro alisema, "na mutoto akija kunyonya, mama atamupiga teke juu ya maumivu. Fanya kintu. Hii depo yako njo nyumba yabo."

"Nitafanya, Papa Ndahiro."

"Lini?"

"Nimesema nitafanya."

Alijibu kwa ukali kuliko alivyotaka, na aliona aibu, lakini hakurudi kuomba radhi. Alikuwa amekwisha kata shauri. Alikuwa amebakiza njia moja, sumu, na sumu ni jambo lisilosemwa.

Maana kule bondeni, na hata huko juu milimani, kila mtu anajua kwamba panya anasikia. Hasikii yote. Siasa haimhusu, mahubiri yanampita. Lakini neno sumu likitajwa ndani ya nyumba, au uani, au hata kwa mnong'ono kitandani, analisikia mara moja, anawaambia wenzake, na chambo chako kitakaa hapo mpaka kiote ukungu. Kwa hiyo unanunua kimya, unachanganya kimya, unatega kimya, na hufungui mdomo mpaka wa mwisho awe amekufa. Mama yake Olga alimaliza panya wa nyumba nzima bila mumewe kujua, na hilo lilihesabiwa kuwa sifa yake mpaka kaburini. Unaweza kucheka. Olga mwenyewe aliwahi kucheka alipokuwa msichana, lakini msichana yule hakuwa na mbegu ya kulinda.

Alikwenda soko la Sange. Muuzaji wa dawa alikuwa kando ya barabara, pale minibasi zinaposimama, na kipaza sauti chake kilipiga kelele bila kupumzika: dawa ya panya, mende, kunguni, wote wanakufa! Panya wa Sange bila shaka walikuwa wamekwisha kuzoea. Olga hakusema neno, alinyoosha kidole. Muuzaji naye alijua desturi; hakusema neno, alimpa vifuko vidogo visivyoandikwa kitu, akamwonyesha kwa ncha za vidole: kidogo, kidogo tu. Olga aliitikia kwa kichwa. Njiani, akibanwa kati ya magunia ya makaa, alifikiri kwamba maisha yake yote amefanya mambo kidogo kidogo na ona yalipomfikisha. Alipofika nyumbani alimimina vifuko vyote.

Alikuwa amekaanga pumba kwa mawese mpaka zikanukia, akatia chumvi, kwa sababu panya wake walikuwa wamekula ndagala, karanga na muhogo, na hawadanganyiki na chakula kisicho na ladha. Alichanganya kwa kijiti juu ya kifuniko cha zamani cha sufuria. Ndipo Ndahiro alipopita, amebeba mzigo wa nyasi.

"Leo unapika nini, Mama Bruno? Inanukia."

Neno lilifika kwenye meno ya Olga. Alitaka kumwambia. Alijua kabisa kwamba mtu anayefuga karibu hivyo anapaswa kuambiwa. Lakini ghala lilikuwa hapo nyuma yake, ukuta umejaa matundu, na kwenye kila tundu aliona sikio. Alifikiri: nitamwambia kesho, nje, barabarani, mbali na hapa.

"Pumba tu," alisema.

"Ah," Ndahiro alisema, akatabasamu, akaenda zake. Olga aliingiza kifuniko ghalani, akakiweka chini kati ya magunia, akafunga mlango kwa kamba.

Kesho yake alfajiri alikuta panya wamelala chini, wengine migongo chini, miguu juu, na mmoja amefia katikati ya chambo na shavu limejaa. Olga alifurahi. Ni vizuri kulisema hilo wazi, kwa sababu baadaye hakuweza kujisamehe furaha ile. Aliwaokota kwa majani ya mgomba, akawatupa chooni, na bado hakusema neno hata kwa nafsi yake, kwa kuwa wengine walikuwa wamebaki. Kifuniko alikiacha pale pale, robo tatu bado imejaa. Kisha akakumbuka kwamba ni zamu yake ya maji mferejini, na zamu ya maji haimngoji mtu. Alichukua jembe akakimbia. Beseni la Gaju mlangoni lilibaki tupu.

Alirudi jua likiwa utosini. Kabla hajafika uani alisikia watu, sauti za chini chini kama za matanga, na alipopita kwenye ua aliwaona wamezunguka zizi. Gaju alikuwa amelala ubavu, shingo imekatwa, damu imekwisha kuingia ardhini. Herménégilde, mchinjaji wa barabarani, alikuwa ananoa kisu kidogo cha kuchunia. Ndahiro alikaa chini karibu na kichwa cha ng'ombe, mkono wake uko kwenye pembe.

"Alianguka tu, mama," Herménégilde alimweleza Olga, maana wafanyakazi wa nyama hupenda kueleza. "Alitetemeka, mapovu mu kinywa. Njo muzee akaniita haraka, tumukate kabla afe yeye mwenyewe. Labda ni nyoka. Labda alikula mufuko ya plastiki. Lakini nyama iko muzuri."

Olga hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama kifuniko cha sufuria kando ya mguu wa Gaju. Kilikuwa kimerambwa mpaka kikang'aa.

Watu walikuwa wameleta mabeseni. Hii ndiyo desturi, ng'ombe akianguka wote wanakuja, kila mtu ananunua kipande kwa bei ya huruma, na mwenye ng'ombe anaondoka na chochote kitakachomsaidia kulia. Olga aliwaona wote: shemeji yake Firmin na wake za jirani, mama mmoja mwenye mapacha mgongoni na kifuani, wazee wawili wa kanisa ambao hawakuwa wameonja nyama tangu Pasaka. Hakuna aliyekitazama kifuniko. Hakuna aliyejua. Akikaa kimya, ni nyoka. Akikaa kimya, jioni sufuria zitachemka Luberizi nzima, na mapacha wale watapewa mchuzi.

Na akisema? Ng'ombe wa mwisho wa mtu wa juu amekufa kwa sumu uani mwa mwanamke wa bondeni. Nani atasikiliza habari ya panya? Olga alikuwa ameishi miaka ya kutosha upande huu wa ziwa kujua kwamba watu walichomeana nyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hata Ndahiro, aliyekwisha kumpoteza ng'ombe, atakosa na pesa ya nyama. Alisimama na jembe begani, miguu imejaa matope ya mfereji, akatamani kitu kimoja tu, kulala.

Herménégilde alichoma kisu cha kwanza kwenye ngozi.

"Musikate," Olga alisema. Kisu kiliendelea. Akarudia, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno: "Musikate! Iko sumu mu hii nyama!"

Walimgeukia wote.

"Sumu gani?" Firmin aliuliza. "Nani aliweka?"

"Minye. Ilikuwa ya panya. Niliweka mu pumba, kule depo."

 Kijana mmoja wa upande wa Ndahiro, aliyekuja kutoka malisho na fimbo yake, alisogea mbele polepole.

"Mu pumba," alisema. "Kumbe siku hizi panya njo banawekewaka pumba na chumvi. Na ng'ombe, mama, unamuwekeaka nini?"

"Weye kijana, chunga mudomo," Firmin alisema. "Unaongea na bibi ya ndugu yangu."

"Nimeuliza tu."

"Unauliza na fimbo?"

Mama wa mapacha alianza kurudi nyuma. Watu wengine nao walisogea, huyu kuelekea upande huu, yule kuelekea ule, bila kuambiwa na mtu, na ghafla kila mmoja alikumbuka kwamba Herménégilde ana kisu mkononi. Olga alitaka kueleza kuhusu matundu, kuhusu chuchu zilizoumwa, kuhusu mbegu. Maneno yalikuwa mengi na hakuna lililoonekana la kweli.

Ndahiro aliondoa mkono kwenye pembe. Aliinuka kwa kushika ukuta, akakiokota kifuniko, akakitazama pande zote mbili.

"Aliniambia," alisema.

Kijana alimgeukia. "Nini, muzee?"

"Jana. Alikuwa anachanganya, nikamupitia, akaniambia: Papa Ndahiro, usiguse hiki kintu, iko sumu. Leo nikakosa pumba ku mulango, nikaingia, nikachukua. Nilisahau. Ni huu mukono njo ulimulisha."

"Uliambiwa, ukasahau?"

"Minye ni muzee. Nasahauka."

Mtu yule aliyekuwa na uwezo wa kutaja mama, nyanya na mama wa nyanya wa kila ng'ombe aliyewahi kumfuga, alisimama mbele ya watu akajifanya mpumbavu. Herménégilde alisonya. Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Kijana alitema mate chini na kuondoka bila kuaga, na wenye mabeseni wakaanza kutawanyika wakinung'unika juu ya wazee ambao hawafai kuachiwa mifugo. Hakuna aliyemnung'unikia Olga.

Walichimba shimo nyuma ya zizi, Firmin, Herménégilde na Ndahiro mwenyewe. Walimzika Gaju na ngozi yake na ndama wake ndani, wakamwaga majivu, wakatandika miiba juu ili mbwa wasifukue, wala watu. Ndahiro alikataa kupokewa jembe mpaka mwisho. Olga aliosha kifuniko kwa maji ya moto, akakiosha tena, kisha akakitupa kwenye shimo kabla halijafunikwa.

Jioni, kabla giza halijaingia, alipika bugali na ndagala, akampelekea. Alimkuta amekaa kwenye jiwe mbele ya zizi tupu.

"Papa Ndahiro, sijue niseme nini."

"Usiseme."

"Ulisema uongo juu ya kunikinga."

"Apana." Alijibu haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na hasira. "Usinishukuru, Mama Bruno. Haikuwa juu yako. Bale bijana bangeanza leo, kesho batu bako bangechoma kwetu, kesho kutwa batu betu bangechoma kwenu, na minye ningebeba tena Biblia na fimbo. Nimekimbia ya kutosha. Sina tena miguu."

Olga aliweka sahani juu ya kigoda, akakaa chini, kwa sababu naye miguu ilikuwa imekwisha.

"Lakini juu ya nini haukuniambia kweli?" Ndahiro aliuliza.

"Panya banasikia."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakucheka, wala hakushangaa. "Ata kwetu banasikiaka," alisema. Kisha akaongeza: "Ungenipeleka ku barabara. Ungeniandikia na kidole mu mavumbi. Niliuliza, Mama Bruno. Nilikuuliza unapika nini."

"Nilifikiri kesho."

"Kesho," Ndahiro alisema.

Olga alimmiminia maji, mzee akanawa mikono, akaikung'uta. Bugali ulikuwa unatoa mvuke. Hakuunyooshea mkono. Alikuwa anautazama tu, na Olga alidhani ni huzuni, mpaka mzee alipoinua macho.

"Onja," alisema.

Kila mtu wa pande zile anaijua desturi hiyo. Anayemletea mwenzake chakula au pombe huanza yeye, mbele ya macho, ili anayepokea ajue kwamba hakuna kitu ndani. Ni adabu kwa watu wasiojuana. Tangu siku Ndahiro alipokula mara ya kwanza katika ua ule, akiwa amechoka na vumbi la njia, hakuwahi kumwomba Olga aonje, na Olga hakuwahi kufikiri kwamba kule kutoombwa ni kitu alichopewa.

Alimega tonge, akachukua ndagala mbili, akala.  Alifungua mikono akamwonyesha kwamba ni mitupu.

Ndahiro alimtazama kooni, kisha usoni. Adabu inataka angoje mpaka mwenzake ameze, basi. Yeye aliendelea kungoja, mikono yake iliyonawa ikikauka juu ya magoti, na Olga akangoja pamoja naye, akiomba moyoni kwamba mzee awe na njaa.